Kosea Kwenye Kompyuta, Usikosee Kwenye Jiwe

Wengi wetu tumesoma katika Kutoka sura ya 28 habari za kifuko cha kifuani cha Haruni, kilichopambwa kwa safu nne za vito, vitatu katika kila safu. Lakini ni wangapi tumewahi kujiuliza ni nani aliyeketi kuvifanyia kazi? Sura ya 31 ya kitabu hicho hicho inamtaja Bezaleli, mtu aliyejaliwa ufundi wa kila namna, na kukata vito ni mojawapo ya kazi zinazotajwa pale. Vito vya siku zile vililainishwa na kuchorwa majina ya makabila. Ule ukataji wa nyuso ndogo ndogo nyingi, unaofanya kito cha pete kimetemete kila mkono unapogeuka, ulianza baadaye sana huko Ulaya, mwishoni mwa Zama za Kati.

Tulimkumbuka Bezaleli tulipokuwa sebuleni kwa mama mmoja wa Arusha, mke na mama wa watoto watatu, anayekata vito nyumbani kwake. Ametuomba tusimtaje jina. Mwenye mawe ndani ya nyumba hajitangazi, alisema, nasi tukamwelewa.

Tulitarajia kumkuta kwenye mashine yake. Badala yake tulimkuta mezani, miwani puani, mbele ya kompyuta ya kupakata, akitazama picha ya kito ambacho bado hakijakuwapo duniani. "Karibuni wapendwa," alisema bila kuinua macho. "Ngojeni kidogo, huyu ananidanganya." Aliyekuwa akimdanganya ni mchoro. Upande wa kushoto wa kioo ulionekana kama utando wa buibui uliochorwa kwa rula. Upande wa kulia kulikuwa na kito cha samawati kikizunguka polepole, na katikati yake palikuwa na doa jeusi ambalo alikuwa hataki kulivumilia.

Tulikaa naye siku nzima, na tuliondoka tukiwa tumejifunza mambo ambayo, tunakiri, hatukudhani yangetuhusu.

Jiwe la kwanza

Kwanza tueleze jinsi alivyofika hapo. Miaka kadhaa iliyopita mume wake alipata kipande cha tanzanaiti chenye rangi nzuri. Tanzanaiti, kama wasomaji wengi wanavyofahamu, huchimbwa Mererani, chini ya Mlima Kilimanjaro. Iligunduliwa mwaka 1967, na kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyoitangaza kwa jina hilo mwaka 1968. Familia hii haikuwa na mashine wala ujuzi, kwa hiyo kipande kikapelekwa kwa fundi.

Fundi alikata kwa jicho na mazoea. Kito kiliporudi kilikuwa kikubwa, na mzani ulifurahisha. Lakini mnunuzi alikiweka juu ya gazeti, akainama, kisha akawaambia: "Mama, nasoma habari za michezo kupitia humu." Katikati ya kito palikuwa pakavu na papaukavu kama kipande cha chupa. Mafundi huita kasoro hiyo dirisha. Bei ikashuka, na ada ya chuo ya binti yao mkubwa, iliyokuwa ikilitegemea jiwe hilo, ikabidi itafutwe kwingine.

"Sikukasirika kwa ajili ya fedha tu," alituambia. "Nilikasirika kwa sababu hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini." Basi akaamua kujifunza mwenyewe. Arusha ina bahati katika jambo hili, kwa kuwa Kituo cha Jemolojia Tanzania, kifahamikacho kwa kifupi kama TGC, kipo hapo hapo na kinafundisha ukataji na ung'arishaji wa vito. Wanawake wengi wamepita katika mafunzo hayo.

Jibu lipo kwenye bilauri ya maji

Kwa nini jiwe moja linang'aa na jingine linatoboka macho? Jaribu hivi jikoni kwako. Chukua bilauri ya kioo iliyojaa maji nusu, uiinue juu kidogo ya macho yako, kisha utazame uso wa maji kutokea chini. Utaona uso ule umegeuka kioo cha kujitazamia. Nuru inayopanda kwa mlalo kutoka ndani ya maji hushindwa kutoka hewani, nayo hurudishwa ndani yote. Sasa shusha bilauri na utazame kutoka juu moja kwa moja: unaona hadi chini.

Ndivyo ilivyo ndani ya kito. Nuru huingia kwa juu, kupitia uso mpana ambao mafundi huuita meza. Inashuka hadi kwenye nyuso za chini. Nyuso hizo zikiwa zimeinamishwa vya kutosha, nuru hugonga moja, hurukia ya pili, kisha hupanda na kulifikia jicho lako. Zikiwa bapa mno, nuru inapenya na kuishia kwenye kidole chako, na hilo ndilo dirisha. Zikiwa zimesimama mno, nuru hutokea pembeni, na katikati hubaki giza.

Kila aina ya jiwe ina kikomo chake, kulingana na jinsi linavyopinda nuru. Kwa kwatzi, ile inayotoa amethisti na sitrini, kikomo ni kama digrii 40. Kwa tanzanaiti ni kama digrii 36. Kwa tsavoraiti, ganeti ya kijani ipatikanayo Kenya na Tanzania, ni kama digrii 35. Almasi ni digrii 24 tu, na ndiyo maana inasamehe mambo mengi. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky alichapisha kitabu kizima cha hesabu za mkato wa almasi, hesabu alizozifanya kwa kalamu na karatasi. Kito cha mviringo cha kawaida kina nyuso 57. Fikiria kufuata njia za miale ndani ya nyuso hizo kwa mkono, halafu ubadilishe pembe moja na kuanza upya!

Kazi hiyo ndiyo iliyokabidhiwa kompyuta.

Karatasi kabla ya kitambaa

Kila mama aliyewahi kushona anajua kwamba kitambaa cha gharama hakikatwi kwanza. Unakata karatasi, unaiweka mwilini, unapunguza kwapani, unaongeza kiunoni, na ukiridhika ndipo unachukua mkasi. Programu za kubuni mikato ya vito ni karatasi hiyo.

Inayojulikana zaidi ni GemCad, iliyotungwa na Mmarekani Robert Strickland na kutumiwa na wakata vito tangu miaka ya 1980. Ina mwenzake aitwaye GemRay, ambaye kazi yake ni kufuata miale ya nuru na kuonyesha kito kitakavyoonekana. Siku hizi ipo pia Gem Cut Studio, inayofanya kazi zote mbili mahali pamoja. Mama huyu alianza na moja akahamia nyingine, na hakutaka tuandike kwamba hii ni bora kuliko ile. "Ni kama majiko," alisema. "Utapika vizuri kwenye lile ulilolizoea."

Kubuni kwenyewe si kuchora kwa mkono. Unaanza na jiwe zima ndani ya kompyuta, kisha unalikata uso mmoja baada ya mwingine, kama vile ungefanya kwenye mashine. Kila uso unahitaji mambo matatu. La kwanza ni mwinamo, yaani digrii ngapi. La pili ni upande, na huo hutokana na gia ya mashine. Gia yake ina meno 96, kwa hiyo kila jino ni sawa na digrii 3.75 za kuzunguka. La tatu ni kina, yaani usage hadi wapi, na kwa kawaida unasaga hadi uso ukutane na pembe za nyuso zilizotangulia. Ukitaka uso huo ujirudie mara nane kuzunguka kito, unaiambia kompyuta mara moja tu, nayo inaupanga mara nane.

Ukimaliza una orodha fupi ya tarakimu unayoibandika ukutani karibu na mashine. Tuliiona yake ikiwa na alama za vidole na matone ya maji machafu. Inafanana kabisa na karatasi ya mapishi ya keki.

Lakini raha iko katika hatua inayofuata. Unaitajia kompyuta aina ya jiwe, na yenyewe inapitisha miale mingi sana na kukupa alama ya mng'ao. Kisha unaweza kuiamuru itafute: badilisha mwinamo huu kidogo, ule kidogo, pima tena, hifadhi kilicho bora. Inajaribu mamia ya mikato wakati wewe unachambua mchele. Akiwa na kitu cha kufanya jikoni, mama huyu huiacha ikitafuta, na akirudi huikuta imetulia na jibu mkononi.

Hapo ndipo lilipozuka lile doa jeusi tulilolikuta asubuhi. Programu nzuri hukumbuka kwamba mtu anayetazama kito ana kichwa, na kichwa hicho huziba nuru itokayo juu moja kwa moja. Mchoro ulioonekana mtamu bila kichwa uligeuka giza kichwa kilipowekwa. Kwa kweli tulicheka. Ni mara ngapi tumekaza macho tusione jambo, kumbe kizuizi ni sisi wenyewe?

Binti yake wa pili, aliye kidato cha nne, alitufundisha jambo jingine. Mchoro uliotengenezwa kwa kwatzi hauwezi kutumiwa kwa tanzanaiti jinsi ulivyo. Unaweza kulazwa kidogo, na mara nyingi kito huwa changamfu zaidi. Lakini huwezi kutoa digrii mbili kila mahali tu, kwa kuwa pembe hazitakutana tena. Inabidi tanjenti za miinamo yote ya chini zizidishwe kwa uwiano mmoja. Alitupigia hesabu kwenye daftari: uso mkuu wa digrii 41 ukishushwa hadi 39, ule wa digrii 43 unakuwa 41 kasoro kidogo sana. Kompyuta hufanya hivyo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hata hivyo mama anataka binti afanye kwanza kwa mkono. Mwalimu wa hisabati wa shule yao, tuliambiwa, haamini kwamba tanjenti zimefika kwenye meza ya chakula.

Pale kompyuta inapokosa macho

Tusije tukawapotosha wasomaji wetu wakadhani mashine hii inajua kila kitu. Inajua nuru. Haijui jiwe lako.

Tanzanaiti ina tabia ya kuonyesha rangi tofauti ukiitazama kutoka pande tofauti. Nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, na hupashwa moto wa mamia ya digrii ili rangi hiyo iondoke, zibaki samawati na zambarau. Upande wa kutazamia samawati haulingani na ule wa zambarau. Mara nyingi, kutokana na umbo la kipande, ukielekeza meza kwenye samawati unapoteza uzito zaidi. Mchoro wa kompyuta hauamui hilo. Analiamua fundi, akiwa ameshika jiwe karibu na dirisha la nyumba yake saa nne asubuhi, akiligeuza na kuligeuza.

Halafu kuna nyufa na vumbi la ndani, ambavyo kwenye kioo havipo. Tena tanzanaiti si ngumu sana, na ina mwelekeo mmoja ambao hupasuka kwa urahisi. Uso wowote ukiangukia karibu na mwelekeo huo hautang'aa kirahisi na unaweza kumenyeka. Mama alishapoteza jiwe namna hiyo. Alilifungua kwenye nta likiwa bado na moto, akaligusisha kitu cha baridi, likalia.

Jambo la tatu alijifunza peke yake, nasi tunaona ndilo la busara kuliko yote. Kompyuta ikitafuta alama ya juu kabisa, wakati mwingine huleta mchoro wenye alama nzuri mno ambao ukikosea nusu digrii unaporomoka. Mashine yake si mpya, nayo ina ulegevu wake. Kwa hiyo siku hizi hachagui mchoro wenye alama ya kwanza. Anachukua mchoro alioupenda, anaongeza nusu digrii, anapunguza nusu digrii, anakigeuza kito kidogo kushoto na kulia, na kama mng'ao haukutikisika sana, huo ndio anaoukata.

Uzito au mng'ao?

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lilileta ukimya ndani ya nyumba hii.

Walikuwa na kipande cha gramu 3.2, yaani karati 16, kwa kuwa karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Mume alikuwa amekinunua kwa akiba ya familia, kwa njia halali na karatasi zake zote kutoka soko la madini. Mama aliingiza vipimo kwenye kompyuta akapata mikato miwili. Wa kwanza ulikuwa mviringo wa yai, uliokumbatia umbo la jiwe, ambao ungetoa karati kama 5.6. Ulikuwa na dirisha dogo katikati. Wa pili ulikuwa na umbo la mto wa kulalia, wenye mng'ao ukingo hadi ukingo, lakini ungetoa karati 4.5 tu.

Vito huuzwa kwa karati. Kwa hiyo mume, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, aliona karati moja na zaidi ikigeuka tope kwenye sahani ya kusagia. "Mama, hiyo ni ada ya muhula," alimwambia. Naye hakuwa na jibu la kumtuliza, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kompyuta haikuwasaidia kuchagua. Iliwaonyesha tu kwa uaminifu kile ambacho kila njia ingegharimu, na walikaa na picha hizo mbili kwa karibu wiki tatu. Waliomba pamoja, kisha wakabishana tena. Alijaribu mkato wa katikati, mto uliorefushwa kidogo, na baada ya jioni kadhaa akafika karati 4.9, dirisha likiwa limefungika lakini kukiwa na giza kidogo kwenye ncha mbili. Huo ndio waliokubaliana.

Je, walipata zaidi? Tuliuliza, maana tulijua wasomaji wangeuliza. Walipata bei nzuri zaidi kwa kila karati kuliko walivyowahi kupata. Jumla ilitosha ada, ikabaki kidogo. Kama lile yai lenye dirisha lingeuzwa kwa zaidi au pungufu, hakuna atakayejua, na mume bado anasema, kwa tabasamu, kwamba angependa kujua. Ila mnunuzi yule alirudi baada ya miezi miwili akiwa na mawe yake matatu, akaomba yakatwe na mama huyu huyu. Tangu hapo sehemu kubwa ya kipato chake ni kukata mawe ya watu kwa malipo, na anayemletea jiwe huonyeshwa kwanza picha kwenye kompyuta na kuweka sahihi chini ya uzito unaotarajiwa. Magomvi yamepungua sana.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya tanzanaiti yetu ilikwenda kukatwa Jaipur, India, na huko wapo mafundi hodari wanaorithishana kazi vizazi kwa vizazi. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanasisitiza vito viongezewe thamani hapa nchini kabla ya kuuzwa nje. Ni sheria njema, lakini kito kilichokatwa vibaya Arusha hakimshindi kilichokatwa vizuri Jaipur kwa sababu tu kina uraia. Hilo alilisema mama mwenyewe, kwa ukali kidogo.

Kwa dada atakayevutiwa, tungependa kuongeza machache aliyotusihi tuyaandike. Usinunue mashine kabla ya kujifunza programu, kwa kuwa kwenye programu unaweza kuharibu mawe mia bila kulipa hata moja. Anza na kwatzi, ambayo haina bei kubwa. Sahani ya kusagia iwe na maji yanayotiririka wakati wote, na watoto wadogo wasiingie chumba hicho, maana vumbi la kwatzi likivutwa kavu huharibu mapafu. Yeye alihamisha mashine kutoka ukumbini hadi stoo ya nje siku alipomkuta mdogo wake wa mwisho akichezea tope lile.

Jua lilikuwa linashuka tulipoaga. Doa jeusi lilikuwa limekwisha: ilibidi nyuso nane za chini zilazwe kwa digrii moja na robo. Binti alikuwa amechukua kiti cha mama yake na alikuwa akijaribu kuifanya robo iwe nusu, ili aone. Mama alimwacha, akaenda kuinjika maji ya ugali.